Mwiko wa Tendo na Mwiko wa Neno: Saikolojia na Sheria ya Kujamiiana kwa Maharimu Nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili neno mwiko lina maana mbili zisizo na uhusiano wa dhahiri: chombo cha kusongea ugali, na katazo lisilovunjwa. Maana ya pili ndiyo inayohusika hapa. Mwiko si sheria iliyokosa tu kuandikwa. Sheria hutaja kosa, adhabu na mwenye mamlaka ya kuitoa; mwiko hautoi maelezo. Mtoto anayeuliza kwa nini jambo fulani ni mwiko hujibiwa kwamba ni mwiko, na akiendelea kuuliza huonekana ameanza kukosa adabu. Kutohojiwa huko ndiko nguvu ya mwiko, na katika mambo ya kujamiiana ndiko pia udhaifu wake.

Makala haya yanachunguza mwiko mmoja unaopatikana, kwa sura tofauti, karibu katika kila jamii inayojulikana: katazo la kujamiiana baina ya ndugu wa karibu, ambao katika Kiswahili chenye athari ya fiqhi huitwa maharimu. Hoja inayojengwa ni kwamba mwiko huo una tabaka mbili zinazostahili kutenganishwa. La kwanza ni mwiko wa tendo, yaani katazo lenyewe. La pili ni mwiko wa neno, yaani desturi ya kutolitaja tendo hilo, viungo vinavyohusika, wala jina la ndugu anayetuhumiwa. Tabaka la pili limeshikamana na la kwanza kama uzio na shamba. Hata hivyo, tendo likishatokea, ukimya uleule humfunika aliyelitenda. Athari yake huonekana waziwazi pale mtoto anaposimama mbele ya hakimu na kutakiwa aseme kile ambacho maisha yake yote amefundishwa kutokisema. Mifano ya kisheria imetolewa hasa Tanzania Bara, na Kenya imetumika kwa ulinganisho.

2.0 Kinyaa na chimbuko lake

Swali la kwanza ni la kisaikolojia: kwa nini watu wengi huona kinyaa wanapofikiria tendo hilo, hata kabla hawajafikiria madhara yake? Edvard Westermarck, msomi wa Ufini aliyechapisha kazi yake kuhusu historia ya ndoa mwaka 1891, alitoa jibu ambalo kwa muda mrefu lilidharauliwa. Alidai kwamba watu wanaolelewa pamoja kwa ukaribu tangu utotoni hukua bila kutamaniana, na kwamba chuki hiyo ya kimya ndiyo baadaye inayojidhihirisha katika mila na sheria. Kwa maelezo haya, moyo hauhesabu damu. Huhesabu miaka ya kulala chumba kimoja, kula sahani moja na kuogeshwa pamoja.

Sigmund Freud, katika kazi yake kuhusu totemu na mwiko ya mwaka 1913, alishika njia ya kinyume. Akiegemea hoja ya James Frazer, alisema kwamba hakuna haja ya kukataza kwa ukali jambo ambalo hakuna anayelitamani. Hakuna sheria inayowaamuru watu wale na kunywa, wala inayowakataza kutia mikono yao motoni. Kuwapo kwa katazo kali, kwa mujibu wa hoja hiyo, ni ushahidi wa kuwapo kwa tamaa iliyozikwa.

Ugomvi huu haukuweza kuamuliwa kwa hoja tupu. Ulihitaji mazingira ambamo watoto wasio ndugu wa damu wamelelewa kama ndugu, na mazingira hayo yalipatikana mahali pawili. Katika makazi ya ujamaa ya Israeli yaitwayo kibbutz, watoto wa rika moja walilelewa pamoja katika nyumba za watoto. Joseph Shepher alikusanya kumbukumbu za ndoa 2,769 za kizazi cha pili cha makazi hayo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1971. Hakukuta ndoa hata moja ya watu waliokaa kundi moja mfululizo katika miaka yote sita ya mwanzo ya maisha, ingawa hakuna sheria wala mzazi aliyewakataza. Huko Taiwan, Arthur Wolf alichunguza desturi ya familia kumchukua mtoto mchanga wa kike na kumlea pamoja na mvulana ambaye angekuja kuwa mumewe. Ndoa hizo, ambazo wazazi walizitaka na kuzishinikiza, zilizaa watoto wachache zaidi na zilivunjika mara nyingi zaidi kuliko ndoa za bibi harusi aliyetoka nje akiwa mtu mzima.

Matokeo haya yanampa nguvu Westermarck, lakini yanapaswa kusomwa kwa uangalifu kuliko inavyofanywa kwa kawaida. Yanahusu watoto waliokua pamoja. Hayasemi kwamba mtu mzima hupata kinga hiyohiyo kwa sababu tu amepewa jina la baba, mjomba au babu. Kama ukaribu wa miaka ya mwanzo ndio unaojenga kinga, basi baba wa kambo aliyeingia nyumbani mtoto akiwa na miaka minane hana sababu ya kisaikolojia ya kuwa nayo. Anachobaki nacho ni maadili yake na hofu ya sheria. Diana Russell, aliyesimamia utafiti uliowahoji wanawake 930 mjini San Francisco na kuchapisha sehemu hii ya matokeo mwaka 1986, alikuta kwamba takriban mwanamke 1 kati ya 6 waliolelewa na baba wa kambo alidhulumiwa kingono naye, ilhali kwa waliolelewa na baba mzazi ilikuwa takriban 1 kati ya 40. Takwimu hizo ni za mji mmoja wa Marekani na hazihamishiki kuja Tanga au Kisumu. Aidha, hazimtii hatiani baba wa kambo yeyote, kwani walio wengi katika utafiti huohuo hawakutenda kosa hilo. Lakini zinaonyesha mahali ambapo kinga ya asili ni nyembamba, na mahali hapo ndipo sheria ingetarajiwa kuwa nene.

Kinyaa kina tabia nyingine inayoihusu sheria moja kwa moja: hakijui kujieleza. Mwanasaikolojia Jonathan Haidt aliwasimulia watu kisa cha kubuni cha kaka na dada, watu wazima, waliokubaliana, wakajikinga na mimba na kutomwambia yeyote. Wengi walisema ni kosa. Walipoulizwa sababu walitaja hatari ya kuzaa mtoto mlemavu, wakakumbushwa kwamba walijikinga. Wakataja maumivu ya moyo, wakakumbushwa kwamba kisa kinasema hawakuumia. Mwishowe walibaki wakisema hawajui kwa nini, ila ni kosa. Haidt aliita hali hiyo kuduwaa kimaadili. Kwa mtunga sheria, hali hii ni ya hatari kwa sababu hisia isiyojua sababu yake haiwezi kutofautisha watu wazima wawili waliokubaliana na mtu mzima anayemdhulumu mtoto. Yote mawili huyatupa katika chungu kimoja kiitwacho aibu, na aibu humgusa kila aliyehusika, hata yule aliyetendewa.

3.0 Duara la ndugu na duara la maneno

Kama kinyaa kingekuwa ndiyo chanzo pekee cha mwiko, mipaka yake ingefanana kila mahali. Haifanani. Katika Uislamu, aya ya 23 ya Sura An-Nisaa inaorodhesha wanawake ambao mwanamume hawezi kuwaoa: mama, binti, dada, shangazi, mama mdogo na mkubwa, mabinti wa kaka na wa dada, mama na dada wa kunyonya, mama wa mke, mke wa mwana, na binti wa kambo ambaye mama yake ameshaingiliwa katika ndoa. Binamu hawamo, na ndoa za binamu ni za kawaida katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa Wajaluo na Wakikuyu, kwa upande mwingine, desturi ilikataza ndoa na hata mtu wa ukoo mmoja aliye mbali kwa vizazi kadhaa. Claude Lévi-Strauss, mwaka 1949, aliona katika tofauti hizi uthibitisho kwamba katazo halikusudiwi tu kuzuia bali pia kulazimisha: linalazimisha familia imtoe binti yake kwa familia nyingine na kupata wakwe.

Msamiati wa ukoo katika Kiswahili unaongeza utata ambao utarejelewa katika sehemu ya sheria. Binti wa baba mkubwa au wa mama mdogo ni dada. Ndugu wa kiume wa baba ni baba. Katika familia ya Kiislamu ya pwani, basi, msichana anayeitwa dada katika mazungumzo ya kila siku anaweza kesho kuwa mke halali, na hakuna anayeona mgongano. Katika familia nyingi za bara hilo lingekuwa jambo la kutisha.

Kila duara la ndugu lina duara lake la maneno. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu mahusiano ya utani, alieleza jinsi jamii zinavyowagawa ndugu katika wale wa kukwepana kwa heshima na wale wa kutaniana. Tanzania inatoa mfano ulio wazi. Mkwe na mama mkwe hupishana njia, hawaketi pamoja, na katika makabila fulani hawatajani majina. Babu, kinyume chake, humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, mbele za watu, na wote hucheka. Utani huo si ulegevu wa mwiko. Ni kiwanja kilichozungushiwa uzio ambamo maneno ya ujinsia yanaruhusiwa kwa sharti kwamba yabaki maneno.

Kiwanja kingine kilikuwa jando na unyago. Humo kungwi na somo walifundisha kwa nyimbo, michoro na vitendo mambo ambayo mama mzazi asingeyatamka. Kwa hiyo si kweli kwamba jamii hizi hazikuwa na lugha ya kuzungumzia ujinsia. Zilikuwa nayo, ila iligawiwa kwa umri, kwa jinsi na kwa mahali. Jambo ambalo halijadiliwi vya kutosha ni kwamba lugha hiyo ilikabidhiwa wakati wa balehe. Mtoto wa miaka saba au tisa hakuwa na somo wala kungwi. Alikuwa na utani wa bibi tu. Mijini, ambako bibi yuko mbali na unyago umepungua kuwa sherehe ya siku chache au haupo, hata hicho kidogo kimepotea.

Vilevile, adhabu ya kuvunja mwiko haikuelekezwa kwa mkosaji peke yake. Kwa Wajaluo, uvunjaji wa miiko huleta chira, maradhi ya kudhoofika yanayoweza kumpata hata mtoto wa mkosaji. Kwa Wakikuyu kulikuwa na thahu, unajisi uliohitaji kutakaswa. Mantiki ya utakaso ni kwamba familia nzima imechafuka na familia nzima isafishwe. Ni mantiki yenye huruma kwa ukoo, lakini haina nafasi ya mtu mmoja aliyedhulumiwa kusema alidhulumiwa. Pale kesi ya leo inapomalizwa nyumbani kwa kikao cha wazee na mifugo kadhaa, kinachofanya kazi ni mabaki ya mantiki hiyo, mara nyingi bila hofu ya kweli iliyokuwa ikiiambatana.

4.0 Orodha iliyosafiri

Katazo lililomo katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania halikuchimbuka katika mila hizi wala katika fiqhi. Chimbuko lake ni Uingereza, nchi ambayo kwa karne nyingi iliyaacha makosa ya maharimu katika mikono ya mahakama za kanisa na kuyafanya jinai ya kawaida mwaka 1908 tu. Sheria hiyo ya 1908 ilimtia hatiani mwanamume aliyejamiiana na mwanamke ambaye kwa ufahamu wake ni mjukuu wake, binti yake, dada yake au mama yake. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1930. Mtu akifungua leo kifungu cha 158 cha Sura ya 16, Toleo la mwaka 2022, atawakuta wanawake wanne walewale: mjukuu, binti, dada na mama.

Kilichobadilika ni uzito wa adhabu. Sheria ya Masharti Maalumu ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 endapo aliyetendewa ana umri chini ya miaka 18, na kisichopungua miaka 20 endapo amefikia umri huo. Bunge, kwa maneno mengine, liliongeza adhabu bila kuipanua orodha. Shangazi hayumo. Mpwa hayumo. Binti wa kambo hayumo. Ajabu ni kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 14, inawakataza wote hao kuoana na mhusika, pamoja na mtoto wa kuasili. Nchi moja ina orodha mbili: mmoja wa watu wasioweza kuoana, na nyingine, fupi zaidi, ya watu ambao kujamiiana nao ni kosa la maharimu.

Inaweza kujibiwa kwamba pengo hilo halina madhara kwa mtoto, kwani kujamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama aliridhia, na adhabu yake ni miaka 30 au, kwa mtoto wa chini ya miaka 10, kifungo cha maisha. Jibu hilo ni sahihi kwa upande wa adhabu. Kwa upande wa maana si sahihi. Hati ya mashtaka inayomtaja baba wa kambo kama angetajwa mpita njia inaacha nje kiini cha dhuluma, yaani kwamba mtoto hakuwa na nyumba nyingine ya kukimbilia. Inafaa kukumbukwa kwamba orodha ya An-Nisaa, ya kale zaidi kwa karne nyingi na iliyokusudiwa kwa ndoa, inamtaja binti wa kambo waziwazi na kumwelezea kama aliye katika ulezi wa mume wa mama yake. Waliotunga orodha ya 1908 walitazama damu. Orodha ya aya ilitazama damu, maziwa na nyumba.

Kenya ilichagua njia nyingine. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 20, imeongeza mpwa, shangazi na bibi, na kifungu cha 22 kinaingiza ndugu wa mzazi mmoja na ndugu wa kuasili. Kwa tendo dhidi ya mtoto, adhabu inaweza kufikia kifungo cha maisha. Duara la Kenya liko karibu zaidi na duara la jamii yenyewe.

Mjadala wa Ulaya una sura tofauti, na unasaidia kuona kile ambacho hakijaulizwa Afrika Mashariki. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikubali kuendelea kuadhibiwa kwa kujamiiana kwa kaka na dada watu wazima, katika shauri la ndugu waliolelewa mbalimbali na kukutana baadaye. Jambo ambalo Westermarck asingeshangazwa nalo. Jaji Winfried Hassemer alipinga, akiona kwamba katazo hilo lililinda hisia za maadili badala ya haki ya mtu yeyote. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliuacha uamuzi wa Ujerumani usimame mwaka 2012, na miaka miwili baadaye Baraza la Maadili la nchi hiyo lilipendekeza kosa hilo liondolewe kwa kaka na dada watu wazima. Ufaransa ilikwisha kuliondoa mwaka 1791, lakini mwaka 2021 iliweka umri wa miaka 18 kuwa kiwango ambacho chini yake ridhaa haiwezi hata kujadiliwa ndani ya familia. Swali lililowashughulisha majaji hao ni ridhaa. Katika mashauri mengi yanayofika mahakama za rufani za Tanzania na Kenya aliyetendewa ni mtoto, na ridhaa si swali. Swali ni kama mtoto huyo ataaminiwa, na kabla ya kuaminiwa, kama ataeleweka.

5.0 Shahidi na msamiati wake

Ili ubakaji au kosa la maharimu lithibitike Tanzania Bara, ni lazima ionyeshwe kwamba kulikuwa na kuingiliana kimwili. Sheria inasema hata kuingia kidogo kunatosha, lakini hicho kidogo lazima kisemwe na mtu, na mahakama imeshikilia mara kwa mara kwamba ushahidi ulio bora wa kosa la aina hii hutoka kwa aliyetendewa. Fomu namba 3 ya Polisi ikijazwa na daktari huonyesha jeraha. Haimtaji aliyejeruhi, na mtoto akiletwa baada ya miezi jeraha lenyewe huweza kuwa limepona.

Mtoto anapotoa ushahidi husema alichonacho. Husema alinifanyia tabia mbaya, alinifanyia matusi, alinifanyia mchezo mbaya, alitoa dudu lake. Kwa mwanaisimu hizi ni tafsida, na ni tafsida zinazofanya kazi vizuri: kila msikilizaji Mswahili ameelewa. Ugumu ulitokea katika kumbukumbu za shauri. Kwa miongo mingi ushahidi ulitolewa kwa Kiswahili na hakimu akauandika kwa Kiingereza. Tabia mbaya ikitafsiriwa neno kwa neno inakuwa utovu wa adabu wa mtoto anayelamba sahani mbele ya wageni. Wakili wa utetezi, mbele ya jaji wa rufani, aliweza kuuliza kwa haki kabisa: ni wapi katika maneno haya kumesemwa kwamba kuliingiliana?

Mahakama ya Rufani ya Tanzania imelijibu swali hilo kwa busara. Katika maamuzi yake kadhaa imekubali kwamba mashahidi hawatarajiwi daima kueleza tendo kwa uwazi wa kitabu cha tiba, na kwamba namna shahidi anavyosema hutegemea utamaduni, malezi, hisia za kidini, umri wake na hadhira inayomsikiliza. Kwa hiyo tafsida inaweza kutosha iwapo muktadha wa ushahidi wote hauachi shaka juu ya maana yake. Huu ni mfano wa mahakama kuusoma mwiko wa neno kama sehemu ya ushahidi badala ya kuuona kama kasoro. Lakini kipimo cha muktadha kina upande wake wa pili. Mshtakiwa anayekabiliwa na miaka 30 gerezani ana haki ya kujua ni tendo gani hasa anatuhumiwa nalo, na tafsida ileile ya tabia mbaya huweza kumaanisha kushikwa au kuoneshwa, matendo ambayo sheria huyaadhibu kwa vifungu vingine. Hakimu ambaye hakuuliza swali la pili amewadhulumu wote wawili.

Mabadiliko ya sheria yamepunguza vizuizi vingine. Ushahidi katika makosa ya kujamiiana husikilizwa faraghani. Tangu mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto pekee, ikiridhika na kuandika sababu za kuridhika kwake kwamba shahidi amesema ukweli mtupu. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hivyo safari ya neno la mtoto kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza inaweza kukoma.

Kizuizi kisichoondolewa na tafsiri ni muda. Imejengeka katika maamuzi ya mahakama kanuni kwamba shahidi anayemtaja mshukiwa mapema huaminika zaidi, na kwamba kuchelewa kusikoelezeka huzua shaka. Kwa wizi wa usiku kanuni hiyo ina mantiki. Kwa dhuluma ya nyumbani inagongana na saikolojia. Mwaka 1983 daktari wa magonjwa ya akili Roland Summit alieleza mwenendo aliouona kwa watoto waliodhulumiwa: siri, kukosa msaada, kunaswa na kuizoea hali, kufichua kwa kuchelewa na kwa namna isiyoshawishi, kisha kukana. Maelezo yake hayakukusudiwa kuwa kipimo cha ukweli wa tuhuma, na kuyatumia hivyo ni kosa, kwa kuwa mtoto anayekana anaweza pia kuwa anakana kwa sababu jambo halikutokea. Thamani yake ni ndogo zaidi lakini imara: yanaonyesha kwamba kuchelewa peke yake hakuthibitishi uongo. Mahakama hukubali maelezo ya kuchelewa yanaporidhisha, kwa mfano vitisho vya kuuawa. Ni vigumu zaidi kueleza kuchelewa kusikotokana na tishio lolote, bali na mtoto kutojua kwamba lipo neno, wala mtu wa kuambiwa, wala kwamba baba ni miongoni mwa watu wanaoweza kushtakiwa. Mama anayeambiwa na kunyamaza kwa sababu mshahara wa nyumba unatoka kwa mtuhumiwa naye yumo katika duara hilohilo, na si haki kumsoma kama mtu asiye na upendo.

Kuhamia Kiswahili katika sheria kumeleta, zaidi ya nafuu, uamuzi mgumu wa maneno. Mtafsiri wa kifungu cha 158 atakapoandika dada yake, msomaji wa Njombe atamwona pia binti wa baba mdogo, ambaye sheria haikumkusudia. Msomaji wa Lamu akiisoma tafsiri hiyohiyo ataona mtu anayeweza kuposwa. Itabidi dada huyo afungwe kwa maelezo: wa baba na mama mmoja, au wa mzazi mmoja. Neno la kuingiliana nalo litahitaji kuwa wazi kiasi cha kumtendea haki mshtakiwa na bado liwe neno ambalo hakimu anaweza kulitamka mbele ya mtoto wa miaka minane bila mtoto huyo kuinamisha kichwa na kunyamaza. Baadhi ya mahakimu wamekwisha kupata njia yao. Mtoto akisema dudu, wanaandika dudu. Wanamuuliza dudu ni nini, naye asipoweza kusema wanamwomba aonyeshe mahali kwa kidole juu ya nguo yake, kisha wanaandika katika mwenendo wa shauri kwamba shahidi ameonyesha mahali, na mahali penyewe ni wapi.